Jengo la Mawe na Karakana ya Reli: Somo juu ya Sarafu, Noti na Stakabadhi

Katika masomo ya ushirika huzungumzwa sana habari za mizani, daftari la wanachama na vocha za malipo. Habari za sarafu yenyewe huzungumzwa kwa nadra, labda kwa kuwa sarafu huonekana kama kitu kilichokuwapo tangu awali, mithili ya mto au mlima. Lakini sarafu hutengenezwa. Mahali pa kuitengenezea huchaguliwa na watu, hujengwa kwa fedha za watu, na pengine huchaguliwa vibaya. Mwanachama aliyeshuka kutoka Mgeta au Matombo na mzigo kichwani anayo haki ya kujua ni nini hasa kinachoifanya fedha anayopewa kuwa fedha, na ni lini huacha kuwa fedha.

Somo hili linahusu nyumba mbili zilizo mbali sana. Ya kwanza ni jengo la mawe huko Oregon, Marekani, lililokusudiwa kuwa kiwanda cha sarafu lakini halikutoa hata sarafu moja. Ya pili ni karakana ya reli karibu na Tabora, ambayo haikukusudiwa kuwa kiwanda cha sarafu, lakini ilizitoa kwa miezi michache ya mwaka 1916. Kati ya hizo mbili upo mji wa Morogoro, uliopata kuwa makao ya serikali iliyoishiwa fedha.

MANENO YALIYOBAKI MDOMONI

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa ngeni wa sarafu. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu zao za shaba, zenye majina yao kwa maandishi ya Kiarabu, mamia ya miaka kabla ya Mreno kuonekana katika bahari hii. Baadaye biashara ilifanywa kwa reale ya fedha ya Maria Theresa na kwa rupia ya Bara Hindi. Neno pesa lenyewe lilikuja kwa njia hiyo ya biashara ya Wahindi.

Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Kampuni ilijua inaingia katika soko la watu waliokwisha zoea fedha za aina nyingine, kwa hiyo upande mmoja wa ile pesa ya shaba iliandikwa jina lake kwa Kiarabu, pamoja na mwaka wa Hijria. Rupia ya fedha ilikuwa na picha ya Kaisari Wilhelm wa Pili akiwa amevaa kofia ya vita. Serikali ya Kijerumani ilipouchukua uwezo huo kutoka kwa Kampuni, hesabu ilibadilishwa: kuanzia mwaka 1904 rupia moja iligawanywa katika heller 100. Watu waliitamka hela. Sarafu hiyo imekwisha toweka zaidi ya miaka mia moja sasa, lakini jina lake limebaki katika kila soko la nchi hii.

Kilichoieneza rupia mashambani hakikuwa uzuri wake. Kodi ya nyumba iliwekwa mwaka 1897 na kuanza kukusanywa mwaka uliofuata, nayo kwa nyumba ya shamba ilikuwa kwa kawaida rupia 3 kwa mwaka. Mkulima aliyekuwa akibadilishana mahindi kwa chumvi au jembe alilazimika sasa kutafuta kipande cha fedha chenye picha ya mtu asiyemjua, ili akirudishe kwa watu wa mtu yule yule. Njia za kukipata zilikuwa kuuza chakula, kubeba mizigo au kufanya kazi ya kibarua. Hivyo ndivyo sarafu ilivyopanda mlima wa Uluguru.

Jambo moja linafaa kukumbukwa. Sarafu hizo zote zilitengenezwa Ujerumani. Chini ya picha ya sarafu nyingi ipo herufi ndogo: A maana yake Berlin, na J maana yake Hamburg. Hakuna hela iliyopigwa Dar es Salaam. Kila moja ililetwa kwa meli, na maadamu meli zilikuja hapakuwa na mtu aliyeona hatari yoyote katika mpango huo.

MOROGORO, MAKAO YA SERIKALI

Vita Kuu ilipozuka mwezi Agosti 1914, meli za kivita za Waingereza ziliufunga mwambao. Dar es Salaam, mji wa pwani, haukuweza kukingwa na mizinga ya baharini, na Gavana Heinrich Schnee akayahamishia makao ya serikali Morogoro. Reli ilikuwa imefika hapa tangu mwaka 1907, na mwaka 1914 ilikuwa imekwisha fika Kigoma. Kwa hiyo mji huu mdogo chini ya mlima ukawa mahali pa kutolea amri za nchi nzima.

Serikali iliyo vitani hula sana. Askari hutaka mshahara, wapagazi hutaka posho, na wote hutaka chakula. Sarafu mpya hazikuweza kuja. Zile zilizokuwamo nchini zikaanza kutoweka, wala hazikuibwa. Mfanyabiashara, mlowezi na mkulima, kila mmoja kwa kufikiri kwake, aliona kwamba rupia ya fedha ina thamani yake hata kama serikali itashindwa, kwa kuwa fedha ni fedha hata ikiyeyushwa. Akaifukia chini au akaifunga kiunoni. Hali hii huonekana kila mahali penye fedha za aina mbili zilizopewa thamani sawa kwa amri: ile iliyo bora hufichwa, na ile iliyo duni ndiyo huzunguka.

Serikali ikageukia karatasi. Benki ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa na noti zake nzuri zilizochapwa Ulaya, lakini hizo nazo hazikutosha. Kuanzia mwaka 1915 zilichapwa humu humu nchini noti zilizoitwa noti za muda, za rupia 1, 5, 10, 20, 50 na 200. Zilichapwa kwa mitambo ya kuchapia magazeti, juu ya karatasi za namna namna kadiri zilivyopatikana, na kutiwa sahihi kwa mkono. Mtu aliyewahi kukaa meza moja na kitabu cha stakabadhi chenye kurasa mia anaweza kuwahurumia makarani wale waliotia sahihi maelfu kwa maelfu ya noti za rupia moja.

Noti ya muda ilikuwa ahadi. Ilisema kwamba benki italipa. Lakini italipa kwa nini, na lini? Ahadi hiyo ilitegemea jambo moja tu, yaani ushindi wa aliyeiandika. Mkulima wa Uluguru aliyeuza mtama wake na kupewa karatasi ile alikuwa amemkopesha Kaisari pasipo kuulizwa, na hakuwa na mkutano mkuu wa kuuliza hali ya mkopo wake.

Upo mfano mwingine wa wakati ule. Katika misheni ya Vuga, Usambara, zilichapwa mwanzoni mwa mwaka 1916 stempu za barua, kwa kuwa zile za kawaida zilikuwa zikipungua. Stempu hizo hazikupata kutumiwa kwa barua yoyote. Jeshi liliporudi nyuma zilichukuliwa na kufukiwa ardhini Mohoro, karibu na Rufiji. Zilifukuliwa mwaka 1921 na kuuzwa Ujerumani kwa watu wanaokusanya stempu. Kazi iliyofanywa kwa haraka na kwa shida ikawa na faida kwa watu ambao hawakuwahi kuiona Vuga.

KARAKANA YA RELI

Karatasi haikuwaridhisha watu, hasa katika malipo madogo. Mtu anayenunua mhogo wa hela tano hawezi kutumia noti, na noti ya rupia moja haikatwi vipande. Mwaka 1916 ikaamuliwa kutengeneza sarafu ndani ya nchi. Morogoro, ijapokuwa ilikuwa makao ya serikali, haikupiga sarafu hata moja. Ilikuwa karibu mno na pwani, na kuanzia mwezi Machi mwaka huo majeshi ya Jenerali Smuts yalikuwa yakishuka kutoka upande wa Kilimanjaro. Kazi ikafanywa katika karakana ya reli iliyohamishiwa karibu na Tabora, mahali palipokuwapo mafundi, tanuri na vyuma.

Sarafu za kwanza kufikiriwa katika habari hii huwa zile za dhahabu, kwa sababu ni nzuri. Dhahabu ilitoka Sekenke, katika nchi ya Iramba, Singida. Upande mmoja una tai wa Kijerumani, na upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, pamoja na mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora. Mchoro ulifanywa na karani wa reli, na fundi aliyechonga chapa alikuwa mfua dhahabu kutoka kisiwa cha Ceylon, ambacho siku hizi huitwa Sri Lanka. Mfua dhahabu huyo alikuwa amezoea kutengeneza bangili na pete. Tembo wake anatazamwa leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, na huuzwa kwa bei ya juu sana.

Makatibu wanaopenda hesabu wataona faida ya kuifuata sarafu hii kwa kalamu. Ilipewa thamani ya rupia 15, na rupia 15 zilihesabiwa kuwa sawa na Maki 20 za Ujerumani. Sarafu ya Maki 20 ilikuwa na uzito wa gramu 7.965, na sehemu 900 katika 1,000 zilikuwa dhahabu safi. Kwa hiyo dhahabu iliyokuwamo ni kama gramu 7.168. Sarafu ya Tabora ilikuwa na uzito wa gramu 7.168, lakini dhahabu safi ilikuwa sehemu 750 tu katika 1,000. Ukizidisha utapata gramu 5.376. Maana yake ni kwamba hata ile sarafu ya dhahabu ilikuwa imepungukiwa robo nzima ya thamani yake. Mizani haikudanganya, ila maandishi juu ya sarafu yalisema zaidi ya yaliyokuwamo ndani.

Zilitengenezwa sarafu 16,198 za namna hiyo, zenye thamani ya rupia 242,970 kwa maandishi, na dhahabu safi yapata kilo 87. Sarafu moja ilitosha kulipa kodi ya mwaka ya nyumba tano. Ni dhahiri kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya soko la ndizi.

Iliyotengenezwa kwa ajili ya soko ni ile ya hela 20, ya shaba nyekundu au ya shaba ya manjano, pamoja na hela 5 za shaba ya manjano. Hapa hakukuwa na mgodi. Kilichoyeyushwa ni maganda ya risasi na ya mizinga, na chochote kingine cha shaba kilichopatikana. Sarafu ni nzito na chapa zake ni za kuparuza. Nyingine zimepinda au zina nyufa. Lakini zilipigwa zaidi ya milioni moja, nazo zilifanya kazi iliyokusudiwa. Askari alilipwa, mama muuza unga akapokea, na aliyepokea akaweza kununua chumvi. Kama kazi ya fedha ni kupita mikono mingi, kipande kibaya cha hela 20 kilikuwa sarafu bora kuliko tembo wa dhahabu.

Haikudumu. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Smuts yaliingia Morogoro. Wajerumani walirudi nyuma kwa kuuzunguka mlima wa Uluguru, na vita vikapiganwa Kisaki, upande wa kusini. Tarehe 19 Septemba mwaka ule ule Wabelgiji waliokuja kutoka Kongo waliiteka Tabora, na karakana ikanyamaza. Jeshi lililokuwa likikimbia kusini liliendelea hata hivyo kutoa noti. Zile za tarehe 1 Julai 1917 zilipigwa kwa mihuri ya mpira, herufi kwa herufi, nazo hujulikana kama noti za porini. Kwa wakati huo ofisi za benki zilikuwa mikononi mwa adui. Mtu aliyepewa noti ya porini kwa mfuko wake wa nafaka hakuwa na dirisha la kwenda kubisha.

Wakulima waliobaki nyuma ya majeshi hayo walipata hesabu yao kwa njia nyingine. Ugogo, ambako chakula na watu vilichukuliwa na pande zote mbili, ulipatwa na njaa kuu ambayo wazee waliiita Mtunya. Baada ya vita rupia nayo iliondolewa, na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ikaanza kutoa shilingi mwaka 1921. Hiyo ilitengenezwa ng'ambo, kama zilivyotengenezwa ng'ambo sarafu za kwanza za Tanzania mwaka 1966, Benki Kuu ilipofunguliwa.

JENGO LA MAWE

Sasa mtu avuke bahari mbili. Kando ya mto Columbia, katika jimbo la Oregon, upo mji mdogo uitwao The Dalles. Mwaka 1862 dhahabu nyingi ilionekana milimani, upande wa Canyon City, na watu wakaja kwa maelfu. Mchimbaji aliyepata vumbi la dhahabu alikuwa na taabu ya kuifikisha San Francisco, kwenye kiwanda cha sarafu kilichokuwapo tangu mwaka 1854. Njiani palikuwa na wanyang'anyi, na nauli ilikuwa kubwa. Wakubwa wa mji wakaomba kiwanda chao wenyewe, na mwaka 1864 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kujenga tawi la kiwanda cha sarafu mahali pale.

Hoja yao haikuwa ya kijinga. Dhahabu ilikuwapo, mto wa kusafirishia ulikuwapo, na shida ya wachimbaji ilikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa katika kalenda. Sheria ilipita mwaka 1864, lakini kuta zilianza kusimama yapata miaka mitano baadaye. Katika muda huo dhahabu ya juu juu, ile inayochukuliwa kwa sululu na karai, ilikuwa imepungua, na wachimbaji walikuwa wakihamia penye habari mpya. Vibarua wa ujenzi nao walikimbilia migodini kila waliposikia neno zuri. Mwaka 1870 kazi ilisimamishwa. Jengo la mawe mazito ya mahali pale lilikuwa limefika ghorofa ya kwanza. Hakuna mtambo uliofungwa, wala sarafu iliyopigwa. Baadaye lilikabidhiwa kwa jimbo la Oregon, na hatimaye likawa mali ya watu binafsi. Lipo hata leo.

Watu huicheka habari hiyo. Lakini Bunge lile linastahili sifa moja, nayo ni ya kuacha. Lingeweza kusema kwamba fedha nyingi zimekwisha tumika, kwa hiyo ni lazima mitambo iletwe na mameneja waajiriwe. Halikufanya hivyo. Hasara ikaishia kwenye mawe.

KIWANDA CHA VIATU

Mji wa Morogoro una jengo lake la namna hiyo, ila hapa kazi haikusimamishwa mapema. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilijengwa kiwanda cha viatu chenye mitambo ya kisasa. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, kulitosheleza soko la nchi nzima, na kuuza robo tatu ya viatu Ulaya. Kuta zilikuwa za bati la alumini na hakukuwa na mpango wa kupitisha hewa. Aliyewahi kupita Morogoro mwezi wa Januari saa nane za mchana hahitaji kuelezwa zaidi. Kiwanda hakikupata kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na uzalishaji ulikoma mwaka 1990.

Asilimia 4 ya jozi milioni 4 ni jozi 160,000. Mtu anaweza kusema kwamba hivyo ni viatu vingi. Hapo ndipo hesabu ya gharama za kudumu inapohitajika. Mlinzi, meneja, riba ya mkopo na uchakavu wa mtambo havipungui kwa sababu viatu vimepungua. Ikichukuliwa kwamba katika uwezo kamili gharama hizo ni shilingi 10 kwa kila jozi, basi kwa asilimia 4 zitakuwa shilingi 250 kwa kila jozi, kabla ya kununua ngozi, uzi na gundi. Hakuna mnunuzi atakayekubali kulipa tofauti hiyo, na kwa kawaida huilipa yule aliyedhamini mkopo.

Chama cha msingi hakijengi kiwanda cha viatu. Hujenga ghala, hununua mashine ya kukoboa kahawa, kinu cha mpunga au mashine ya kukamua alizeti. Hesabu ni ile ile. Katibu akiletewa maelezo ya mashine inayoweza kukoboa tani 10 kwa siku, swali la kwanza si bei ya mashine. Aulize wanachama wamevuna tani ngapi katika misimu mitatu iliyopita kwa mujibu wa daftari la mapokezi, wala si kwa mujibu wa matumaini ya mkutano. Aulize pia mashine itaanza kazi mwaka gani, na je, mazao yatakuwa bado yapo mwaka huo, au wakulima watakuwa wamekwisha hamia zao jingine kama wachimbaji wa Oregon.

STAKABADHI KAMA NOTI

Huenda mwanachama akasema kwamba habari za Tabora ni za kale, na kwamba chama chake hakitoi sarafu. Ni kweli hakitoi sarafu. Lakini noti chama hutoa kila msimu.

Ifikirie hali inayojulikana na kila katibu. Msimu umefunguliwa, mazao yameanza kuletwa, na fedha za kununulia hazijafika. Mwanachama ameshuka mlimani tangu alfajiri. Hawezi kurudi na gunia. Katibu anapima, anaandika stakabadhi, na anamwambia afike wiki ijayo. Wiki ijayo inakuwa mwezi. Mwanachama ana mtoto wa kulipiwa shule, kwa hiyo anaichukua stakabadhi ya shilingi 60,000 na kwenda nayo dukani. Mwenye duka anaipokea na kumpa bidhaa za shilingi 50,000.

Hapo stakabadhi imekuwa noti na chama kimekuwa benki. Zile shilingi 10,000 zilizokatwa ni kipimo cha imani ya mwenye duka juu ya chama. Makatibu wengi hukasirika wakisikia habari hiyo na kumwita mwenye duka mnyonyaji. Pengine ni mnyonyaji kweli. Lakini chama chenye sifa ya kulipa siku kilichoahidi hakimpi nafasi ya kukata kiasi hicho, kwa sababu mwanachama angengoja siku tatu akalipwa zote.

Tofauti kati ya stakabadhi hiyo na noti ya porini ni kwamba nyuma ya stakabadhi yapo mazao ghalani. Tofauti hiyo hudumu maadamu mazao yapo kweli na stakabadhi hazizidi mazao. Hili ndilo wazo la mfumo wa stakabadhi za ghala, uliowekewa sheria nchini mwaka 2005 na unaotumika katika mazao kama korosho na ufuta: karatasi ina thamani kwa kuwa kuna mzigo uliopimwa, uliowekwa daraja, katika ghala lenye leseni na mtu wa kuulizwa. Mzigo ukiondoka pasipo karatasi kufutwa, karatasi hiyo imekuwa ya rupia ya mwaka 1917.

Kwa hiyo kila chama kinachopokea mazao kabla ya kulipa hakina budi kuwa na daftari la stakabadhi zisizolipwa, lililo mbali na daftari la mapokezi. Liandikwe namba ya stakabadhi, tarehe, uzito, daraja, kiasi cha fedha, na tarehe ya kulipa. Siku moja katika kila wiki, jumla ya kilo za stakabadhi zisizolipwa ilinganishwe na mzigo uliomo ghalani, pamoja na ule uliopelekwa Chama Kikuu kwa hati. Mahindi mabichi na kahawa isiyokauka sawasawa hupungua uzito, na upungufu huo huandikwa kwa kupimwa tena; kuubuni siku ya ukaguzi ni kosa. Hesabu hiyo isomwe mbele ya kamati, na nakala ibandikwe mlangoni mwa ghala, mahali ambapo mwanachama anaweza kuisoma pasipo kuomba ruhusa.

Wapo makatibu wanaoogopa kubandika hesabu hiyo kwa kuwa itawatia wanachama hofu. Serikali iliyokuwa Morogoro mwaka 1915 nayo haikubandika mlangoni idadi ya noti ilizochapa. Watu walifukia rupia zao za fedha hata hivyo, wakiwa hawajaambiwa lolote.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA CHAMA

1. Katika msimu uliopita, chama kilikaa siku ngapi kati ya kupokea mazao na kulipa? Tumieni tarehe za daftari.

2. Sarafu ya Tabora ya rupia 15 ilikuwa na gramu 5.376 za dhahabu safi badala ya 7.168. Je, kuna zao linaloandikwa daraja la kwanza katika stakabadhi za chama ilhali ghalani ni la pili? Nani hulipa tofauti hiyo mwishoni?

3. Chama kina jengo au mashine gani isiyotumika? Andikeni mwaka wa kuamuliwa, mwaka wa kukamilika, na kiasi cha mazao yaliyokuwapo katika kila mmoja wa miaka hiyo miwili.

4. Mwenye duka wa jirani hukata shilingi ngapi katika stakabadhi ya chama? Mwanakamati mmoja atumwe kuuliza, na jibu lake liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.